Mwanafunzi wa Kigeni Naye Anahitaji Mahali pa Kupikia: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu

Kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vinavyopokea wanafunzi kutoka nchi nyingine, Wasimamizi wa Mabweni na Mabwalo ya Chakula, na Wakurugenzi wa Mifuko ya Ufadhili wa Masomo.

Waheshimiwa,

YAH: CHAKULA NA MAISHA YA KILA SIKU YA MWANAFUNZI ALIYE UGENINI

Ninawaandikia nikiwa mtu aliyesoma ughaibuni kwa miaka minne, na ambaye tangu arudi nyumbani amekuwa akitembelewa na vijana wanaojiandaa kuondoka. Huanza kwa kuniuliza kuhusu visa, ada na mihadhara, kisha sauti hushuka kidogo na swali lililowaleta hutoka: watakuwa wanakula nini huko? Huliuliza kwa aibu, kama mtu anayedhani kwamba msomi hapaswi kuwaza tumbo. Mimi nililiuliza vilevile, kwa aibu ileile, na aliyenijibu aliniambia kwamba nitazoea. Nilizoea kweli, lakini njia niliyopitia ilikuwa ndefu na chungu kuliko ilivyohitajika kuwa, na sehemu kubwa ya uchungu huo ilitokana na kanuni zilizotungwa na watu wenye nyadhifa kama zenu. Ndiyo maana barua hii nimeielekeza kwenu.

Kwa takwimu za UNESCO, mwaka 2000 wanafunzi wa elimu ya juu waliokuwa wakisoma nje ya nchi zao walikuwa kama milioni 2, na kufikia mwaka 2022 walikuwa wamekaribia milioni 7. Vyuo vyenu vimejipanga vizuri kuwatafuta, kuwasajili na kupokea ada zao. Kila mmoja wao hula mara mbili au tatu kwa siku, kila siku, tangu anapofika hadi anapoondoka. Mhadhara anaweza kuukosa na akaazima daftari la mwenzake, lakini mlo hauazimwi.

Naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu najua hayakunipata peke yangu. Jioni niliyofika, msimamizi wa bweni alinikabidhi ufunguo, kadi ya bwalo na karatasi ya kanuni. Kanuni zilikataza kupika chumbani, na jiko la pamoja halikuwapo katika jengo zima. Gharama ya chakula cha mwaka mzima ilikuwa imekwisha kukatwa pamoja na kodi ya chumba, bila mimi kuulizwa. Asubuhi yake nilisimama kwenye foleni ya bwalo nikiwa na sinia mkononi, mbele yangu kukiwa na vyombo vingi vilivyojaa, na sikukitambua hata kimoja. Sikujua kipi ni kitamu na kipi ni kichachu, kipi huliwa peke yake na kipi ni kitoweo, wala kipi kimechanganywa na kitu ambacho dini yangu hainiruhusu kukila. Watu waliokuwa nyuma yangu walikuwa na haraka. Nilinyoosha kidole popote, nikapakuliwa, nikaenda kukaa pembeni, nikala nusu na kuacha nusu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi kwa miezi. Nilikonda. Nilikwenda kwenye vipindi vya asubuhi nikiwa na kichwa kizito, nikinakili maneno ya mwalimu bila kuyafuatilia. Nyumbani nilipopigiwa simu na mama akaniuliza kama ninakula, nilimjibu kwamba ninakula sana, kwa kuwa sikuona namna ya kumweleza kwamba nilikuwa ninashinda na njaa mbele ya chakula tele, tena chakula nilichokwisha kukilipia. Lililonisumbua zaidi ya njaa ni kuonekana mtu asiye na shukrani. Mama mmoja aliyekuwa akipakua chakula bwaloni aliniuliza siku moja, kwa upole kabisa, kwa nini narudisha sahani ikiwa na chakula. Sikuwa na maneno ya kumjibu katika lugha yake.

Ni haki niseme wazi kwamba chakula kile hakikuwa kibaya. Wenzangu wenyeji walikila kwa furaha, na kufikia mwaka wa tatu mimi mwenyewe nilikuwa nikikitamani. Kilichonibadilisha kilikuwa kitu kidogo sana. Mwaka wa pili niliruhusiwa kuhamia nyumba yenye jiko la pamoja, yenye meko manne, sinki na meza. Siku ya kwanza nilijipikia chakula cha kwetu kwa kadiri nilivyoweza kukifananisha, nikala nikashiba, na usiku ule nikapata usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nilipofika. Baada ya wiki chache jirani yangu, mwenyeji wa nchi ile, alianza kunionjesha anachopika, nami nikamwonjesha changu. Aliniambia jina la kila kitu na namna kinavyoliwa. Vyakula ambavyo vilinishinda bwaloni kwa mwaka mzima nilivizoea pale mezani kwa muda usiozidi miezi miwili.

Hilo ndilo jambo langu kuu, Waheshimiwa. Wengi wenu mnaamini kwamba mgeni akiachiwa apike chakula chake atajifungia ndani yake na hatajifunza cha wenyeji. Mimi niliona kinyume chake. Mtu mwenye uhakika wa kushiba chakula anachokijua ndiye anayethubutu kuonja asichokijua, kwa sababu asipokipenda hatalala njaa. Aliyenyimwa chake hukiona kila kijiko cha kigeni kuwa ni mtihani, na mtu hali mtihani mara tatu kwa siku akabaki na hamu.

Wanaochunguza mambo haya wameeleza sababu yake. Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Rozin alieleza mwaka 1976 kwamba kiumbe anayekula vitu vya kila aina, kama alivyo binadamu, huvutwa huku na huku wakati wote: inampasa kutafuta chakula kipya ili apate virutubishi vya kutosha, na inampasa kukiogopa kwa kuwa kinaweza kumdhuru. Woga wa chakula kigeni haumaanishi ushamba wala kiburi, kwani ni ulinzi ambao mwili umezaliwa nao. Mwanasaikolojia mwingine, Leann Birch, akishirikiana na mwenzake, alionyesha mwaka 1982 kwamba watoto wa miaka miwili walizidi kukipenda chakula kipya kadiri walivyokionja mara nyingi zaidi, kuanzia mara 2 hadi mara 20. Utafiti wake wa baadaye ukaonyesha kwamba kukitazama hakutoshi, na ni lazima kionjwe. Mtu mzima si mtoto wa miaka miwili, lakini nilijiona humo. Mazoea hujengwa na vionjo vidogo vidogo visivyo na shuruti, wala hayajengwi na sahani iliyojaa ambayo usipoimaliza umelala njaa.

Tena mwili nao una mambo yake yasiyotii ratiba ya chuo. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa na uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na mwanafunzi anayetoka katika jamii ya namna hiyo akitupwa katika bwalo ambalo kila mlo umetiwa maziwa au mazao yake, ataumwa tumbo kwa wiki kadhaa bila kujua sababu. Bakteria wanaoishi utumboni nao hubadilika chakula kinapobadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watu waliohamia Marekani kutoka Asia ya Kusini-Mashariki ulionyesha kwamba mabadiliko hayo yalianza ndani ya miezi michache tangu wahamiaji walipofika, na kwamba aina za bakteria zinazosaidia kumeng'enya nyuzinyuzi za mimea walizotoka nazo kwao zilipungua. Kwa hiyo mwanafunzi anapokwenda zahanati ya chuo na kusema kwamba tumbo halijatulia tangu afike, naomba asipokelewe kama mtu anayekwepa mitihani. Daktari amuulize kwanza anakula nini na alizoea kula nini.

Sasa nizungumzie muda, kwa maana hapa ndipo mipango yenu, pamoja na nia njema iliyomo, hukosea zaidi. Vyuo vingi vina wiki moja ya kuwakaribisha wageni. Nakumbuka yangu kwa shukrani: tulitembezwa maktaba, tukapewa ramani, tukapigwa picha. Wiki iliyofuata meza ya ukaribisho iliondolewa ukumbini, na hakuna aliyetuuliza tena chochote.

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada ambaye miaka ya 1930 aliishi na kufanya utafiti Ankole nchini Uganda, alizungumzia hali ya mgeni katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954, ambayo ilichapishwa mwaka 1960. Aliuita msukosuko huo mshtuko wa kitamaduni, na miongoni mwa dalili alizozitaja ni kuwa na wasiwasi uliopita kiasi kuhusu maji ya kunywa, chakula, vyombo na matandiko. Alieleza pia kwamba mwanzoni mgeni huvutiwa na kila kitu, na kwamba shida humjia baadaye, anapoanza kupambana na maisha halisi ya kila siku. Mwaka 1955 mwanasosholojia Sverre Lysgaard wa Norwei alikuwa amekwisha kuchapisha matokeo ya mahojiano na Wanorwei wapatao 200 waliokwenda Marekani kwa Fulbright, mpango wa ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani. Aliona kwamba waliokaa chini ya miezi 6 na waliokaa zaidi ya miezi 18 walikuwa wametulia vizuri kuliko waliokuwa katikati. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba si kila mgeni hupita njia hiyo, na wapo wanaoumia zaidi mwanzoni. Hata hivyo, ukiyaweka pamoja yote hayo huoni popote panapounga mkono msaada wa wiki moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimewahi kusikia msemo huu ukitumiwa kuhalalisha kumwacha mgeni ajitegemee mapema. Lakini anayempa mgeni jembe humwonyesha na shamba, humwambia mpaka uko wapi na mvua hunyesha lini. Sisi tulipewa jembe tu.

Ninajua mtanijibu kwa hoja ya moto, na ni hoja nzito ambayo siwezi kuipuuza. Mapishi ni chanzo kikubwa cha moto katika majengo ya kuishi, nanyi ndio mtakaowajibika wanafunzi wakiungua. Lakini marufuku haiondoi mapishi, inayaficha. Katika bweni letu nilijua vyumba vitatu vilivyokuwa na majiko madogo ya umeme yaliyofichwa chini ya vitanda, yakiwashwa usiku wa manane pembeni ya mapazia, na kitambuzi cha moshi kimefunikwa kwa mfuko wa plastiki. Kila nilipolala nilikuwa nikiwaza jambo hilo. Chumba kimoja cha kupikia katika kila ghorofa, chenye mlango usiopitisha moto, feni ya kutoa moshi, blanketi la kuzimia moto na swichi inayozima umeme yenyewe baada ya muda, ni salama mara nyingi zaidi kuliko vyumba kumi vyenye majiko ya siri.

Mtanijibu pia kwamba mkataba na kampuni inayoendesha bwalo unadai idadi fulani ya walaji. Basi mkataba unaofuata uandikwe upya. Mwanafunzi aruhusiwe kujitoa, au achague kulipia mlo mmoja kwa siku badala ya mitatu, na fedha iliyobaki arudishiwe mkononi. Kumkata mtu gharama ya chakula asichoweza kukila, kisha kumkataza kupika anachoweza kukila, ni jambo ambalo sijapata kuona likitetewa kwa uso mkavu na mtu aliyelipitia mwenyewe.

Jiko la pamoja nalo lina matatizo yake, na anayelijenga ayajue mapema. Kubwa kuliko yote ni harufu. Katika nyumba ile ya mwaka wa pili, siku moja nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jiko, haina jina la mwandishi, ikiwataka "wahusika" waache kupika vyakula vyenye harufu. Mhusika nilikuwa mimi. Nilikaa wiki mbili bila kupika, nikijinusa nguo kabla ya kwenda darasani. Msimamizi wa nyumba aliiona karatasi ile kila siku na hakuiondoa. Naamini hakukusudia ubaya, hakujua tu kwamba kuiacha mlangoni ni kukubaliana nayo. Wafundisheni wasimamizi wenu jambo hili moja: chakula cha kila mtu kina harufu, na cha mwenyeji hakinuki kwake kwa sababu amekizoea. Malalamiko ya namna hiyo yamalizwe kwa feni nzuri na mazungumzo ya ana kwa ana, si kwa matangazo yasiyo na jina.

Kuhusu bwalo lenyewe, kwa kuwa wapo watakaoendelea kulitumia, naomba maandishi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inayotumika tangu Desemba 2014 inawataka wanaotoa chakula, hata kisichofungashwa, kueleza kama kina chochote kati ya viambato 14 vinavyosababisha mzio. Hilo ni jema, lakini orodha ile ilitungwa kwa ajili ya kulinda miili, na haimsaidii mwanafunzi ambaye dhamiri yake inamkataza aina fulani ya nyama, mafuta ya mnyama fulani, au kileo kilichotiwa katika mchuzi. Mpishi anajua alichotia katika sufuria. Kukiandika kwenye kikaratasi pembeni ya chombo, kwa maneno mepesi na ikiwezekana kwa picha, ni kazi ya dakika chache, na kungeniokoa mimi kutokana na miezi ya kula kwa mashaka. Anayefunga naye afikiriwe: akiwekewa sahani yake mpaka saa ya kufuturu, hakuna mwenzake atakayepungukiwa.

Kuna likizo pia. Wenyeji wanapokwenda makwao, bwalo hufungwa, na mara nyingine maduka ya jirani na usafiri wa umma navyo hupunguza saa. Mgeni hubaki katika jengo lisilo na mtu, bila jiko na bila bwalo, katika majuma ambayo kila dirisha la mtaani lina familia mezani. Likizo yangu ya kwanza nilikaa siku tano bila kuzungumza na mtu. Mahali ambapo likizo hiyo huangukia majira ya baridi, giza huongeza uzito wake, kwa maana tangu mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walikwisha kueleza aina ya sonona inayorudi kila mwaka mchana unapokuwa mfupi. Mtu aliyekulia karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, hana habari kwamba jambo kama hilo lipo. Anadhani ameshindwa maisha. Mwambieni mapema.

Kwa wakurugenzi wa mifuko ya ufadhili nina ombi fupi. Posho ya kwanza imfikie mwanafunzi kabla hajapanda ndege. Benki humdai anwani ya makazi kabla ya kumfungulia akaunti, mwenye nyumba humdai akaunti kabla ya kumpa makazi, na katikati ya mzunguko huo kuna mtu anayepaswa kula leo. Katika hesabu ya posho wekeni pia sufuria, sahani, kisu na blanketi. Hakuna anayesafiri na sufuria.

Na kabla ya safari, mwandikieni ukweli. Kijitabu nilichotumiwa kilikuwa na picha za nyasi za kijani na wanafunzi wanaocheka. Ningefaidika zaidi na kurasa mbili zilizoandikwa na mwanafunzi aliyenitangulia kutoka sehemu yenye chakula kinachofanana na cha kwetu, akinieleza anachonunua, anakinunua wapi, anakipikaje, kipi hakipatikani kabisa na anatumia nini badala yake, bwalo linafungwa saa ngapi, na kwamba mwezi wa tatu au wa nne huenda nikalia bila kujua sababu. Wanafunzi hao mnao vyuoni mwenu sasa hivi. Waombeni waandike, na muwalipe kwa kazi hiyo, kwani ni kazi.

Ninachoomba kifanyike kabla ya muhula mpya wa kupokea wanafunzi kinawezekana bila kusubiri majengo mapya. Chagueni bweni moja, geuzeni chumba kimoja kisichotumika kiwe mahali pa kupikia, waruhusuni wanaotaka kujitoa katika malipo ya bwalo wajitoe, na mumteue mtu mmoja wa kumtembelea kila mgeni mwezi wa tatu, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, akamuulize anakula nini na anakula na nani. Baada ya mwaka mmoja waulizeni wanafunzi wa bweni hilo na wa mabweni mengine, kisha muyatangaze majibu yao hadharani, yawe mazuri au mabaya. Mimi niko tayari kuja kwa gharama zangu kuzungumza na wasimamizi wenu wakati wowote mtakaponiita.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wa zamani wa ughaibuni